Siku Komanda Radi Alipoombwa Binti

Katika soko la mtaa wa Mapendo kulikuwa na mama muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, aliyekataa katakata kumuuzia Viateur. Akimwona anakuja, hufunika beseni lake kwa kitenge na kusema samaki wameisha, ilhali vichwa vyao vinachungulia pembeni. Kosa la Viateur? Jumapili iliyopita, kwenye televisheni, alikuwa amemfukuza mjane nyumbani kwake na kuzichoma nguo zake. Mjane mwenyewe, mwigizaji aitwaye Julienne, alipita hapohapo baada yake, akanunua bila shida, tena akaongezewa kiganja kizima cha pole. Viateur alirudi nyumbani mikono mitupu, akala sombe, yale majani ya muhogo, bila samaki.

Alikuwa seremala wa chukudu, zile baiskeli kubwa za mbao zisizo na pedali zinazoteremsha viazi na makaa kutoka Munigi hadi mjini. Ubao mmoja ulimrukia akiwa kijana, ukamwachia kovu kutoka kwenye nyusi hadi shavuni. Ongeza hapo sauti nzito na mabega ya mtu anayekata mbao kutwa nzima. Mtengenezaji filamu mmoja alikuja kuagiza chukudu, akamtazama, akasahau chukudu. Tangu siku hiyo, kwa miaka kumi na tano, Viateur alikuwa mwizi, baba wa kambo, mnyang'anyi wa mashamba, na zaidi ya yote Komanda Radi, mkuu wa watu wenye bunduki katika mchezo uliopendwa mjini kote. Ushujaa wote alipewa Dieudonné, kijana mwenye meno meupe ambaye hata maneno yake hakuyakariri. Haki ya Mungu, kama si Viateur kutisha vizuri, ushujaa wa Dieudonné ungewapigisha watu miayo.

Mara moja tu aliomba apewe nafasi ya mtu mwema, akapewa ya mchungaji wa kanisa. Filamu ilipoonyeshwa, watu walikaa saa nzima wakingoja aibe sadaka. Alipobariki harusi na kwenda zake kwa amani, walisimama wakadai warudishiwe kiingilio chao. Siku nyingine, wakipiga filamu, askari walimkamata porini na bunduki yake ya mbao aliyoichonga na kuipaka rangi mwenyewe. Dieudonné alipokuja kumtetea, wale askari walipiga naye picha kwanza, kisha ndipo wakamsikiliza. Viateur aliyacheka yote hayo. Alikuwa na moyo mpana kuliko wengi wetu, na mtu anayetukanwa kila siku kwa makosa asiyoyafanya, halafu bado anasalimia majirani, huyo anastahili kuvuliwa kofia.

Lakini mwaka wa 2023 kicheko kilimkauka, kwa sababu safari hii aliyekuwa hatarini ni Bénita.

Bénita hakuwa mtoto wake wa kumzaa. Alikuwa mtoto wa kaka yake, aliyeuawa katika vita vya Masisi mwaka wa 2007, mama wa mtoto akifuata baada ya miezi michache kwa ugonjwa. Viateur alimbeba mgongoni kutoka kilimani hadi Sake, mtoto ana miaka mitano, mvua inanyesha, naye anamwimbia ili asisikie milio ya bunduki nyuma yao. Yeye na mkewe Philomène hawakujaliwa wengine. Wakamsomesha, akawa mwalimu, na sasa kijana Damien alitaka kumwoa.

Familia ya Damien ilikuwa ya wafugaji wa Rugari. Vita viliporudi upande wao wa Rutshuru walikimbia na nguo walizovaa, wakaishia chini ya hema huko Kanyaruchinya. Na hapo kambini, jioni moja, shirika fulani liliwaonyesha wakimbizi filamu kwenye shuka jeupe. Donatille, mama wa Damien, alimwona Komanda Radi akisimama mlangoni mwa watu na kusema, "Tokeni, nyumba hii si yenu tena." Alikuwa ameambiwa maneno kama hayo, mlangoni kwake, miezi minne tu nyuma. Alipoelezwa kwamba yule ndiye baba wa mchumba, alilipa shuka mgongo.

"Sitaikala pamoja na ule mutu," alimwambia mwanawe. "Najua ni mchezo. Kichwa inajua. Roho inakatala."

Damien alimbembeleza wiki tatu. Mwishowe mama akakubali kuja kwenye posa, siku moja tu, aone. Akimwogopa hata siku hiyo, harusi haipo. Bénita aliyasikia, akalia, na Viateur aliyasikia vilevile.

"Nitacheka naye," alimwambia Philomène. "Nitavaa shati nyeupe. Nitakuwa mupole mupaka bashangae."

"Wee ukae kimya tu," Philomène akajibu. "Msemaji atasema."

Kwa desturi ya familia zao, siku ya kuombwa binti, baba hasemi. Kila upande una msemaji wake. Na msemaji wa upande wa msichana kazi yake ni moja: kukataa. Hukunja uso, hudai hamjui kijana, huuliza ukoo, hutafuta kasoro hata kwenye viatu vya wageni, mpaka wale wa upande wa pili watoe jasho na kumshinda kwa maneno. Ndipo binti hutolewa. Ni mchezo, kila mtu anaujua, lakini ole wake atakayeuruka. Msemaji wa kina Viateur alikuwa mzee Twagirimana, mtu wa maneno matamu na makali, lakini aliishi ng'ambo ya Sake. Asubuhi ya siku yenyewe barabara ilifungwa kwa mapigano. Simu yake haikupatikana. Wageni walikuwa wameshatoka kambini, wengine kwa miguu, wakiwa na mitungi miwili ya bia ya mtama waliyoitengeneza kati ya mahema. Hapakuwa na mwingine wa kusema. Viateur akakalishwa mbele.

Donatille aliingia na kukaa nyuma kabisa upande wa wanawake, karibu na mlango, kitambaa amekishika mdomoni. Ntirenganya, kaka wa marehemu mume wake na msemaji wao, alisimama. Alikuwa mwembamba, koti la kuazima limemzidi, lakini alijinyoosha, akakohoa, akaanza kwa madaha kueleza jinsi walivyosikia kwamba katika nyumba hii kuna ua, nao wamekuja kutafuta.

Viateur alimtazama Donatille, akaiona ile hofu, na moyo wake ukayeyuka.

"Karibuni," alisema kwa sauti laini asiyowahi kuitumia mbele ya watu. "Mumeteseka sana. Hatutabasumbua. Hatuombi kitu. Mutoto ni wenu, mumuchukue."

Akatabasamu.

Ntirenganya alibaki amesimama, mdomo wazi. Alikuwa amekesha siku tatu kwenye hema akipanga maneno yake. Polepole akaishika kofia yake.

"Kambini tunapewa bunga ya ugali," alisema. "Tunapewa hema. Tunapanga mustari, tunapewa, tunasema merci. Nilifikiri leo tunakuya kwa batu. Kumbe hapa pia tunapewa tu." Akaikunja kofia kwa vidole. "Hata kukatalwa hatustahili, papa Viateur? Binti yako hana bei mbele yako, ao sisi ndio hatuna?"

Akageuka. Wenzake wakaanza kuinuka. Nyuma ya pazia, alikofichwa mpaka atakapotolewa, Bénita alisikika akivuta pumzi kama mtu aliyemwagiwa maji baridi. Philomène akamwangalia mumewe kwa macho ya kuua.

Hapo Viateur alielewa, na aibu ilimchoma hadi masikioni. Alikuwa amewahurumia watu waliokuja kuheshimiwa. Alijua la kufanya. Lakini alijua pia ni nani amekaa karibu na mlango, na ni sauti gani atakayoisikia. Akikosea hapa, ameharibu yote. Akasimama. Akakunja uso, kovu likapanda.

"Nani amewapa ruhusa ya kutoka?"

Ilikuwa ni sauti ya Komanda Radi, nzima, kutoka tumboni. Watoto wawili walikimbilia uani. Donatille akaukamata mwimo wa mlango.

"Muikale!" alinguruma. "Munaingia kwangu Mapendo na mitungi mbili, munataka binti ya Masisi, mwalimu, na hamujanieleza hata ngombe zenu zinakula majani wapi! Ama hamuna ngombe? Ama nyiye ni batu ba kupita tu?"

Kisha kutoka nyuma kabisa, kutoka upande usioruhusiwa kusema siku hiyo, sauti ya mwanamke ikapanda.

"Ziko Rugari!" Donatille alikuwa amesimama. Kidole alikinyoosha sawasawa usoni mwa Komanda. "Ziko Rugari, na pembe zao zinapita mlango ya nyumba yako kwa upana! Na wewe hata ukikuya na bunduki, hautazipata!"

Nyumba ililipuka kwa kicheko na vigelegele. Ntirenganya akaitupa kofia yake kitini, akarudi katikati akiwa mrefu kuliko alivyoingia, na vita vyao vikaanza. Viateur alikataa viatu vya Damien. Alikataa bia ya mtama, akisema imepikwa na mtu mwenye haraka, huku akiinywa. Akadai ng'ombe. Ntirenganya akamsifia Bihogo, ng'ombe mwekundu wa babu yake, mwendo wake, maziwa yake, ndama zake mpaka kizazi cha nne, na hakuna aliyetaja kwamba hawajui kama yungali hai hata mmoja.

"Ulete ndama wa Bihogo," Viateur akasema.

"Njia imefungwa."

"Njia itafunguka. Nitakuya mwenyewe Rugari, kwako, nichague. Unifungulie lango."

Tangu wakimbie, hakuna mtu aliyekuwa amemwambia Ntirenganya kwamba atakuja kumtembelea nyumbani. Alifuta uso wote kwa mkono wa lile koti la kuazima, akasema, "Nitakufungulia."

Yakabaki maneno ya mwisho. Ilikuwa zamu ya Viateur kushindwa na kusema ndiyo. Watu walingoja.

"Hapana," alisema.

Wakacheka, wakapiga makofi. Lo, mtu huyu anajua kazi yake.

"Hapana," akasema tena, na sauti haikuwa ya Komanda Radi wala ya mtu mwingine yeyote wa kwenye filamu. Makofi yakapungua. Alikuwa akiangalia sakafu, na mikono yake mikubwa ya seremala ilikuwa imeshika ukingo wa meza.

Pazia likafunguka kabla ya wakati wake. Bénita alitoka na mishanana yake ya kijani, vazi la sherehe lililofungwa begani, akapita mbele ya wageni wote, akapiga magoti karibu na kiti.

"Papa," alisema polepole. "Sasa unakatala ya kweli."

"Ninakatala ya kweli."

"Ninajua." Akamfuta shavu kwa kiganja, kovu na yote. "Sema tu ndiyo."

Donatille alikuwa wa kwanza kugeuza macho pembeni, kwa heshima, na wengine wakamfuata. Viateur akasema ndiyo, kwa sauti ndogo mno ambayo ni binti yake peke yake aliyeisikia.