Mwimbaji kwa Wanawake, Ngoma kwa Waume

Jumamosi, mwanzo wa Mei, 1984. Mvua ya masika ilinyesha tangu alfajiri, ikakatika jua lilipopanda. Ndiyo siku niliyoanza kazi katika duka la redio mjini Malindi, nikitoka Magarini na elimu yangu ya darasa la saba. Huenda nakosea mambo madogo, ila hili kubwa nalikumbuka.

Fundi Mkuu, mtu wa bara, alinipa somo kabla tope halijakauka viatuni. Nyuma ya spika huandikwa omu, yaani kiasi inavyouzuia umeme. Omu zikipungua mno, amplifaya, ile mashine inayoipa sauti nguvu, hutoa umeme kupita uwezo wake, ikaungua.

"Wateja watakuuliza wati," alisema. "Wewe angalia omu kwanza."

Kabla ya adhuhuri akaingia Bi Rukia, aliyekuwa akimwoza bintiye siku hiyo hiyo. Meneja alikuwa amemuuzia stereo juzi.

"Mmeniuzia nini nyinyi? Spika moja nimeiweka ukumbini kwa waume, moja ndani kwa wanawake. Sasa ndani twamsikia mwimbaji peke yake kama aliyefiwa, na huko kwa waume ni ngoma tupu! Wakwe waja alasiri. Nikiaibika, mtaichukua mashine yenu pamoja na huyo meneja wenu!"

Fundi Mkuu alicheka, akakaziwa macho, akaacha. Stereo huigawa sauti, nyingine kushoto, nyingine kulia.

"Mama, mwimbaji na ngoma umewatenga kabla hawajaoana," alimwambia.

Meneja akataka tuongeze spika mbili, zifungwe sambamba na zile za kwanza, kila moja ivute umeme wake moja kwa moja kutoka kwenye mashine. Kwa haki yake, alitaka mama asaidike upesi.

"Omu nne sambamba na nne ni mbili, bosi," Fundi Mkuu akasema. "Mashine hii haishuki chini ya nne. Itaungua kabla bibi arusi hajatoka."

"Basi fanya ujuavyo. Arusi isikose sauti." Na Meneja mwenyewe akazishusha spika za maonyesho, ndugu wa zile za mama, akatuazima.

Nyumbani kwa Bi Rukia kila chumba kikapata spika ya kushoto na ya kulia. Ile ya kushoto ya ukumbini tukaifuatanisha na ya kushoto ya ndani, umeme upite hii ndipo uifikie ile, nne na nne zikawa nane. Za kulia vivyo hivyo. Waya nilishika mimi, Fundi Mkuu akikagua kila ncha.

Wakwe walikuwa wameshafika mlangoni kaseti ilipowashwa. Ndani vikapasuka vigelegele, na ukumbini wazee wakaanza kutikisa vichwa. Niliigusa amplifaya, ilikuwa na joto la kawaida tu. Bi Rukia akachungulia.

"Haya, sasa wameoana!"

Baadaye nilihamishiwa Kilifi, nikawa fundi mkuu huko chini ya mameneja wawili, hadi nikastaafu. Kama nilikuwa fundi mzuri, sijui; waseme wengine. Najua tu kwamba sikufunga spika nyumbani kwa mtu kabla ya kuuliza nani atakaa wapi. Nawashukuru wote watatu, Fundi Mkuu, Meneja na Bi Rukia, hata kwa ukali wao. Fundi Mkuu angeweza kunipa ufagio siku ile, akanipa waya.

Bi Rukia naye hakuniacha niondoke mikono mitupu. Jioni ile nyumbani mama yangu aliiweka sima kando, tukala pilau ya arusi kwa kachumbari na ndizi mbivu.