Nusu Pointi Niliyoikataa Kwanza

Raundi ya mwisho, nilihitaji nusu pointi tu niingie timu ya mkoa ya sataranji. Mpinzani wangu, mwalimu wa hesabu kutoka Kasulu, alikuwa anaongoza. Nusu ilimtosha naye kuchukua kombe. Sare ingetufaa sote wawili.

Alisogeza askari wa mbele ya mfalme hatua mbili. Mimi wangu hatua moja. Ndio ufunguzi wa Kifaransa, niliofundishwa na fundi cherehani jirani wa kibanda changu cha vitenge pale soko la Mwanga, mtu wa mtaa wa Kasingirima mwenye asili ya Kongo. Tukalana askari wa katikati, ubao ukabaki kama vibanda viwili vinavyotazamana, bidhaa zilezile. Nikahesabu kete: kumi na tano kwake, kumi na tano kwangu. Nikarudia. Kumi na tano.

Hatua ya tisa akaniangalia. "Sare, dada?"

"Bado, kaka."

Mdomo ulijibu wenyewe. Miaka yote sokoni sijawahi kukubali bei ya kwanza. Nyuma yangu, kwenye viti vya watazamaji, fundi akakohoa kikohozi cha mtu asiyeumwa.

Mwalimu hakutoa bei ya pili. Alikuja juu. Nikapoteza askari mmoja, nikahesabu mara mbili nikitumaini nimekosea, sikukosea. Basi nikabadilishana naye kila alichokubali, malkia kwa malkia, farasi kwa farasi, mpaka akabaki na mfalme na yule askari wa ziada, mimi mfalme peke yake. Nikamweka mbele ya askari huyo, mlangoni kabisa, akagoma kutoka. Mwisho mfalme wangu akakosa pa kukanyaga, na hakuna aliyekuwa akimshambulia. Kwa sheria, hiyo ni sare.

Mwalimu akanipa mkono. "Dada, si ileile niliyokupa asubuhi?"

"Ile ulinipa, kaka. Hii nimeichukua."

Fundi alinisubiri mlangoni. "Weye! Mutu anakupa kitu, unakatala?" Lakini alikuwa ameshanipokea mkoba.

Wiki ile nzima aliwasimulia wateja wangu kwamba mchezaji wa mkoa anatumia ufunguzi wake. Sikumkatisha. Nilimwomba tu asisahau zile hatua sitini na mbili zilizofuata. Nilikuwa nimezihesabu kwenye karatasi, mara mbili.