Niliacha chumvi kabisa, presha ikapanda, na jikoni kukawa na mtu anatwanga

Wakuu, amani ya Bwana iwe nanyi. Vijana mnaotaka kuniamkia, marahaba, nimeipokea kabla hamjaandika.

Nina miaka sabini na tatu na ninaandika kwa kidole kimoja. Siku nilizobakiza si za kudanganyia watu. Haya yamenitokea mwenyewe, hapa Kirua Vunjo.

Mke wangu Yustina alitangulia kwa Baba mwaka jana. Tulimzika hapa hapa kihambani, shamba letu la nyumbani, katikati ya migomba. Miaka arobaini na sita ya ndoa sikuwahi kupika hata uji.

Miezi michache baada ya msiba, nesi wa zahanati alinipima presha. Akapima tena. Mia na themanini na kitu. Akanipa dawa, akasema niache chumvi.

Binti yangu Theresia, anayeishi Njoro mjini, akaweka sharti.

"Baba, miezi miwili. Isiposhuka nakuja kukuchukua, na nyumba tunafunga."

Kufunga nyumba maana yake ni kumwachia Yustina magugu. Sikuwa tayari.

Basi nikajifunza kupika. Chumvi yote nikampa jirani yangu, Mama Ndeshi. Dawa nikameza kila asubuhi baada ya sala. Chakula changu kikawa maharage na ndizi, au makande.

Ndipo ilipoanza.

Mchana mmoja ukungu ulishuka mpaka migomba ya karibu haikuonekana. Nimemaliza kula, nikasikia mchi.

Du. Du. Du.

Mtu anatwanga mahindi jikoni, polepole, kama Yustina alivyokuwa akitwanga. Nikaenda kuangalia. Kinu kilikuwa kimefunikwa vilevile tangu msiba, buibui wamejenga juu yake.

Kesho yake tena. Na keshokutwa. Kila nikimaliza kula.

Nikanyunyiza maji ya baraka. Nikashika rozari. Nikiinamisha kichwa kusali, mchi unasogea karibu zaidi.

Nikamweleza rafiki yangu mmoja tu, Mzee Kiliani. Akacheka mpaka akakohoa.

"Yustina amekuonea huruma! Ameona unayokula, anakuja kupika mwenyewe."

Mimi sikucheka.

Wiki ya saba nikarudi zahanati. Presha imepanda kuliko mwanzo.

"Babu, chumvi unaificha wapi?" nesi akauliza.

"Mjukuu wangu, kwangu hakuna hata punje."

"Hebu nieleze unavyopika maharage. Anzia kwenye maji."

Nikaeleza. Naosha, nabandika, natia magadi yalainike...

"Hapo hapo. Magadi kiasi gani?"

"Kajiwe. Marehemu bibi yenu alikuwa anatia kadogo. Mimi nimekaongeza, maana bila chumvi chakula hakipiti."

Akaweka kalamu chini. "Babu, magadi nayo ni sodiamu. Umemfukuza chumvi, ukamkaribisha ndugu yake."

Nilimwambia na habari ya mchi. Akasema presha ikiwa juu, mtu anaweza kusikia damu yake inapiga sikioni. Kisha akampigia Theresia mwenyewe, akaniombea wiki nne za nyongeza. Mungu ambariki nesi yule.

Sasa napika hivi, na kama mimi nimeweza hakuna atakayeshindwa. Maharage naloweka tangu jana yake, maji yale namwaga. Nabandika kwa maji mapya, moto wa wastani, sifanyi haraka. Yakiiva natia kitunguu, nyanya, saumu nyingi na tangawizi. Nikishaepua nakamulia limau. Limau hilo ndilo linaloudanganya ulimi. Viungo vya paketi situmii, vingi vimejaa chumvi.

Wiki ya kwanza ilikuwa kama kula karatasi. Ya tatu nilianza kuisikia ladha ya ndizi yenyewe.

Wiki ya nne: mia na thelathini na nane.

"Haya baba," Theresia akasema kwenye simu, "baki na migomba yako."

Na mchi umenyamaza. Namshukuru Mungu kwa yote mawili.

Somo langu ni dogo. Ukiambiwa uache chumvi, usiishie kwenye kopo la chumvi. Mweleze nesi kila unachotia chunguni, hata kile ulichokikuta kwa mama yako. Na dawa usiache.

Ila kuna jambo moja. Juzi Mama Ndeshi alisimama ng'ambo ya ua wetu wa masale.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama."

"Mbona siku hizi kwako hakutwangwi? Nilishauzoea ule mchi wa mchana."

Sikuwa nimemwambia neno. Jumapili nimeombea misa ya Yustina.

Karibuni mchangie. Mwenye njia ya kulainisha makande bila magadi na bila kumaliza kuni, aandike. Na kama humu yumo daktari, anieleze damu ya sikio langu ilisikikaje ng'ambo ya masale.