Picha ya Shati

Karani wa mahakama alinikuta studio nikimwinua mteja kidevu, mteja mwenyewe akitaka picha ya kitambulisho. Akanikabidhi karatasi yenye muhuri, akaniambia nitie sahihi, na mkono wangu ukaandika kitu ambacho hata mimi sikuweza kukisoma. Nasema wazi kwamba niliogopa. Mimi niliyezoea kuwafokea wanaume wazima wakae wima kwenye kigoda, niliogopa mpaka nikamwambia mteja arudi kesho.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, mjini Migori. Karatasi iliniamuru nifike mahakama ya Homa Bay nikiwa na filamu yote niliyopiga nyumbani kwa mwanamuziki mmoja, upande wa Rangwe. Sote tulimjua. Nyimbo zake zilikuwa redioni, baani na arusini, na humo aliwataja watu waziwazi: aliyemtoroka mkewe, aliyekataa mtoto, aliyejenga nyumba akashindwa kuiezeka. Kisha akaugua, akajifungia kwake, na gitaa likanyamaza.

Mkewe ndiye aliyenifuata. Aliziruka studio zote za Homa Bay, maana huko mashemeji zake walijuana na kila mtu, akaja kwangu.

"Nyaminwa," aliniambia, yaani dada yetu, "watoto wangu ni wadogo. Nataka picha ya baba yao akiwa bado anaweza kuketi. Usiambie mtu."

Nilikwenda siku ya soko, mashemeji wakiwa wametoka. Mwanamuziki alikuwa ameketi uani kifua wazi, mbavu zote nje. Kabla sijamaliza kumsalimu, kidole kilikuwa kimeshabonyeza. Ni mazoea ya kazi yangu, fremu moja ya kupima mwanga, ambayo kwa kawaida haiendi popote. Ndipo mkewe akaleta shati jeupe la jukwaani, akamvalisha, akawa anamfunga vifungo kwa sababu vidole vya mumewe vilitetemeka. Nikaipiga na hiyo. Kisha nikapiga tatu za shati, akitazama mbele, karibu kutabasamu.

Gazeti moja la Nairobi lilikuwa likichukua picha zangu mara mojamoja. Niliwatumia ile ya kwanza. Sina kisingizio. Nilitaka kuona jina langu gazetini, na likachapishwa kweli, kwa herufi ndogo, chini ya mbavu za mtu. Juu yake waliandika kwamba amemalizwa na ule ugonjwa ambao siku zile hatukuutaja kwa jina. Mwanamuziki akatushtaki, gazeti na mimi.

Mkewe alikuja mara moja tu baada ya hapo, leso ameivuta mpaka kwenye nyusi. Alikataa kuketi.

"Mashemeji wakijua ni mimi nilikuita, watanifukuza na watoto. Watasema nilimuuza akiwa bado anapumua. Sema ulikuja mwenyewe."

Nikamwahidi. Sikujua kwamba atakayenibana ni wakili wa upande wetu, ambaye nilikuwa nimeshamsimulia yote kabla ya ahadi ile. Alikuwa kijana mtanashati aliyetumwa na gazeti, na alipenda sana kusikia sauti yake. Sheria yetu, alinieleza, inajua mtu kuchafuliwa jina, lakini bado haina kifungu cha mtu kuchunguliwa akiwa kwake. Tungepigania uhuru wa magazeti mpaka mwisho. Kilichobaki ni kuonyesha kwamba uhuru huo haukuruka ua, uliingia kwa mlango.

"Mke wake alikualika," akasema. "Yumo kwenye filamu. Hakimu akimwona, kesi imekwisha."

"Na yeye je?"

"Yeye hajashtakiwa."

Niliporudi studio nilikitoa kipande cha filamu kwenye bahasha. Fremu tano, namba zimechapwa pembeni, kumi na moja hadi kumi na tano. Mke alikuwa kwenye kumi na mbili. Nikashika mkasi. Lakini kumi na mbili ikikosekana katikati, hata mtoto wa shule angeuliza imeenda wapi, na karatasi yenye muhuri ilisema filamu yote. Nikaiona jela ya wanawake, nikamwona mama yangu amepanga foleni langoni na chupa ya uji. Nikauweka mkasi chini. Siku hiyo kila mteja niliyempiga picha alitoka na ukungu usoni.

Mahakamani nilishika Biblia nikaapa. Wakili wetu alikuwa ameanza kwa kishindo: mtu huyu ameimba siri za watu maisha yake yote, sasa zake ndizo zifungiwe kabatini? Watu wakacheka. Nami nusura nicheke, na mpaka leo sijapata jibu lake. Kisha akanigeukia kwa upole, akaniuliza ni nani aliyenialika kwenye boma lile.

"Hakuna mtu. Nilienda mwenyewe."

Alinitazama kama mtu aliyeumwa na mbwa wake. Akaomba mahakama iikague filamu.

Hakimu akaiinua dirishani. Kwenye filamu ambayo haijasafishwa kuwa picha, mtu mweusi huonekana mweupe, na uso wa yule mama ulikuwa kama umepakwa unga. Hakimu akakaza macho, akashindwa kumtambua, akamwita mwanamuziki mwenyewe. Ndugu zake wawili wakamwinua kwa makwapa wakamleta mbele. Mkewe alikuwa benchi la nyuma, kichwa amekiinamisha. Nikashika ukingo wa kizimba.

"Huyu anayekufunga vifungo ni nani?" hakimu akamuuliza.

Aliipitisha filamu mbele ya macho yake polepole, fremu baada ya fremu, mpaka mwisho, akairudisha. Ndugu yake mmoja akanyoosha shingo ili naye aone.

"Ni nesi, Mheshimiwa. Alikuja kunidunga sindano."

Hakimu akaandika. Ndugu akarudisha shingo yake mahali pake. Kesi ikaahirishwa.

Haikuamuliwa kamwe. Mwanamuziki alifariki kabla ya tarehe nyingine, na wakili alinipigia simu kwa furaha kunieleza kwamba kesi ya kuchafuliwa jina huzikwa pamoja na mwenye jina.

Lakini siku ile, baada ya kuahirishwa, nililazimika kupita barazani, naye alikuwa pale kwenye benchi, peke yake, ndugu wakiwa wameenda kutafuta gari. Nilitaka kupita haraka.

"Nyar Migori," akaniita, binti wa Migori. "Ile ya shati nimeiona pale ndani. Si ilikuwa ya watoto?"

"Ndiyo, baba."

"Mbona haijafika nyumbani?"

Ilikuwa kwenye droo yangu tangu mwezi ule nilioipiga, imesafishwa, imekatwa kingo vizuri. Nikamwambia ukweli, kwamba niliogopa kuipeleka.

Akatikisa kichwa taratibu. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo.

"Lakini ile ingine," akasema, "hiyo haukuogopa kupeleka."