Maji Niliyoyafikisha kwa Barua

Aibu hii ninayo tangu masika yaliyopita, na kwa kuwa washarika wote walikuwepo na wameshaisimulia mpaka Soweto na Njoro za Moshi mjini, kila mmoja akiongeza chumvi yake, afadhali mnisikie mimi mwenyewe, maana ninajua ilianzia wapi.

Ilianzia kwenye Kiingereza. Zamani mwalimu wetu alitupanga mstari kila asubuhi tutaje vitenzi, vya leo na vya jana, na aliyekosea alikwenda kukata majani ya ng'ombe wa mwalimu. Mimi Anaeli sikukata majani hata siku moja (Mungu anisamehe majivuno, lakini ndiyo kweli), na kwa sababu hiyo barua zote za Kiingereza za mtaa wetu wa kanisa huziandika mimi, tena ndimi katibu wa kamati ya mfereji.

Mfereji wenyewe ulikuwa umezibwa na maporomoko, na nyumba za chini zilikaa bila maji. Mama Ndeshi, mjane jirani yangu, alikuwa akipanda mlima na ndoo mara mbili kwa siku, yake na ya ng'ombe wake. Marafiki zetu wa ng'ambo waliahidi kutuletea mabomba ya kufikisha maji kwenye nyumba hizo, ila kwanza sisi wenyewe tuzibue mfereji. Wangekutana Jumamosi jioni kuamua, wakataka ripoti iwe mkononi mwa mwakilishi wao, Bi Ingrid, aliyekuwa amefikia Moshi mjini, ifikapo Ijumaa usiku. Msaragambo wetu, yaani kazi ya pamoja, tulikuwa tumeupanga Jumamosi asubuhi. Mnaona shida ilipo.

Binti yangu Aika, mwalimu wa sekondari, ndiye mwenye kompyuta. Ijumaa nikawa nasema, yeye anapiga chapa, mara akasimamisha vidole.

"Baba, mbona yote umeweka wakati uliopita? Hamjachimba bado."

"Watasoma lini?"

"Kesho jioni."

"Kesho jioni tutakuwa tumeshachimba. Mimi ninamwandikia msomaji."

"Kiingereza kina wakati ujao pia, Baba. Sema mtachimba."

"Kila anayeomba msaada anasema atafanya, mwanangu. Wamechoka. Sisi tuwape kitu kilichofanyika."

"Haya," akasema, "wewe ndiye mzee wa kanisa."

Basi nikaendelea, na nikwambieni, vitenzi vya jana ni vitamu, kimoja kinaita kingine, nikaona ripoti imekuwa kavu nikaongeza hiki na kile, hata Aika alipoituma nilikuwa nimeguswa na kazi yetu kiasi cha kufuta macho.

Alfajiri ya Jumamosi kengele ya kanisa ikalia msiba. Mzee wa watu aliyekula chumvi nyingi, wa boma la juu, alikuwa amelala salama. Na kwetu mtu akifariki, jembe haliingii ardhini mpaka azikwe, na mazishi yalipangwa Jumanne kusubiri watoto wake waliokuwa mikoani. Watu waliokuwa njiani na majembe begani waligeuka, wakayarudisha nyumbani, wakaenda kuwafariji wafiwa, nami pia.

Aika akapiga simu. "Baba, nimwandikie Bi Ingrid kwamba kazi imeahirishwa?"

Hapo ndipo ningeokoka. Lakini nikasema, "Acha. Kesho akija kwetu atasali, atakula mtori wa ndizi, atakwenda msibani kutoa pole, mferejini hatafika. Jumatano tunachimba, barua inakuwa kweli." (Hiyo niliiita imani. Tangu siku ile nimeliombea sana msamaha neno hilo.)

Jumapili, wakati wa matangazo, Bi Ingrid akasimama mbele na karatasi. Alisema ripoti yetu imesomwa kwao na watu wametokwa machozi, kwa hiyo anapenda wenyewe tuisikie. Mchungaji akasimama pembeni yake kutafsiri, sentensi kwa sentensi, na mimi niko benchi la wazee, mbele kabisa, pasipo hata nguzo ya kujificha.

"Jumamosi asubuhi watu zaidi ya mia walifika na majembe," akatafsiri Mchungaji. Watu wakatazamana.

"Mzee Anaeli alivunja jiwe kubwa kwa sururu." Kwaya wakashikwa na kikohozi. Mke wangu akainamisha kichwa, nikadhani anasali, kumbe mabega yanamcheza.

Sentensi iliyofuata Mchungaji hakuitafsiri mara moja. Alichungulia karatasi aisome mwenyewe, akanitazama, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mchungaji... yaani mimi... niliomba sala ndefu yenye upako."

"Amina!" akajibu mtu huko nyuma, na kanisa likaanza kutikisika.

"Maji yakafika kwa Mama Ndeshi, akacheka, akanywa kwa mikono miwili."

Mama Ndeshi akasimama wima. "Mimi? Nilikunywa? Mchungaji, mwambie mgeni wetu kwamba leo alfajiri nimepanda na ndoo, utosi bado unaniuma!"

Kanisa zima likaangua kicheko, ila Bi Ingrid alikuwa ameshusha karatasi na hakucheka. Nikasimama, nikaungama yote, kuanzia Ijumaa mpaka ile simu ya Aika. Mchungaji akatafsiri bila kunihurumia hata neno moja. Bi Ingrid akauliza jambo moja tu, nalo lilinikata kuliko kicheko: "Na zile barua zako za miaka ya nyuma?"

Nikasema zilikuwa kweli. Lakini nani angeniamini? Nikayaona mabomba yanarudi yalikotoka.

Aliyesimama tena ni Mama Ndeshi yule yule. "Mwambieni darasa la Jumapili aliloandika lipo, mchanga wake nimebeba mimi. Ng'ombe wa wajane wapo, mmoja yuko kwangu. Huyu mzee ni mropokaji, siyo mwizi."

(Sijawahi kutetewa vizuri hivyo, wala vibaya hivyo.)

Bi Ingrid akasema atawaambia wenzake wasubiri, naye atabaki aone Jumatano kwa macho yake.

Jumatano walikuja watu wengi kuliko niliowaandika. Mama Ndeshi alikuwa amemwomba Aika tafsiri ya barua, akasimama nayo ukingoni kama nyapara. "Mzee Anaeli, hapa imeandikwa ulivunja jiwe. Jiwe hili hapa!" Nikapiga sururu mpaka kofia ikaanguka, jiwe halikupata hata mkwaruzo, wakaja vijana watatu wakalimaliza. Mchungaji naye akadaiwa sala yake ndefu, akaitoa yote huku matope yakimfika magotini. Jioni maji yakapita.

Mabomba yalichelewa, lakini yamekuja, na ninamshukuru Mungu aliyenitia aibu bila kuwanyima wenzangu maji. Nimeapa kutokuandika kitenzi cha jana kabla jana yenyewe haijafika. Siku hizi barua yangu husomwa kwanza kanisani kwa Kiswahili, na mtu akiinua mkono, haitumwi. Ile ya kushukuru mabomba ilikuwa na sentensi moja juu ya kazi: maji yanatoka. Mama Ndeshi aliisikia, akaomba tusubiri, akateremka kwake kufungua bomba. Kanisa zima tulimngoja.