Sauti Nyuma ya Kochi

Lowell Haskett alisifiwa jukwaani kwa kumtolea sauti mwanasesere wake, Pip, bila kutikisa midomo. Mchezo wake wa kuchekesha ulipoanza kurushwa moja kwa moja na televisheni ya Chicago, kamera ilimsogelea, midomo ikaonekana ikitikisika. Tangu hapo mkewe, Verna, alikuwa akijibanza kwa siri nyuma ya kochi alilokalia Lowell na kumsemea Pip.

"Inama, mke wangu, na usipige chafya!" Lowell alimtania.

Lowell alipofariki, mkurugenzi wa kituo, asiyejua siri hiyo, alimletea Verna yule mwanasesere.

"Pole, Bi Haskett. Watoto wanataka Pip awaage. Nani mwingine anaiweza ile sauti?"

Verna alimrudishia mwanasesere.

"Hakuna. Ilikuwa ya mume wangu. Mzikeni naye."

Hakuitoa tena sauti ya Pip, hata alipokuwa peke yake jikoni.