Uji Usioonjwa

Uji wa kwanza niliumwaga kwenye shina la mpapai. Wa pili vilevile. Mpaka mwaka ule unakwisha, mpapai wa uani kwetu Temeke ulikuwa umekunywa uji wa mchele wenye tui la nazi kuliko mtoto yeyote wa mtaa, na ulizaa mapapai makubwa kama vichwa vya watu. Mie sikuyagusa. Binti yangu nilimkataza hata kuyatazama. Nilisema moyoni: sumu ya mtu haina habari na mti, inamjua yule aliyekusudiwa.

Majina sitaandika, na si kwa kuogopa. Waliotenda nitawataja kwa kazi zao na kwa milango yao, na wenyeji wa mtaa ule waliobaki watawajua. Majina nayaacha kwa sababu wajukuu zao wapo, na mjukuu hakuchimba choo.

Nilikuja Dar es Salaam na mume wangu kutoka bara, siku mbili za gari moshi. Enzi hizo Mwingereza ndiye bwana, na kazi ilikuwa bandarini. Mume wangu alipata ukuli, akibeba marobota ya katani. Tulipanga chumba kimoja katika nyumba ya vyumba sita, udongo na makuti, kisima uani, na minazi na mihogo kila upande. Nimesoma madarasa mawili tu, ya misheni. Naandika kama ninavyosema.

Masika ya mwaka ule mume wangu aliharisha siku nne. Ya tano tukamzika. Mtu aliyekuwa akibeba robota peke yake, alipotolewa nje alikuwa mwepesi kama mkeka. Matanga hayajaisha, tumbo likanianza na mie. Langu halikuwa la kuua kwa siku nne. Lilikuwa la kula polepole. Linakata, linaachia, linakata tena. Kanga iliyokuwa ikinizunguka mara moja, ikawa inanizunguka mara mbili na kipande kinabaki.

Kwetu, watu wawili wa chumba kimoja hawaumwi tumbo bila mkono wa mtu. Nikaanza kutazama mikono.

Mkono wa kwanza niliouona ni wa jirani wa chumba cha mkabala. Alikuwa mwanamke wa pwani, mzaliwa wa hapahapa, mjane kama mie, amenizidi miaka kama kumi. Siku ya pili baada ya matanga aliniletea bakuli la uji, limefunikwa kwa kawa, akaliweka kizingitini.

"Kunywa shoga, utie nguvu," akasema, akageuka akaenda zake.

Hakuonja.

Msomaji wa pwani atashangaa, kwa hiyo nieleze. Kwetu, anayekupa kinywaji hunywa kwanza yeye. Funda moja, mbele ya macho yako, kisha anakukabidhi. Tunaita kutoa sumu. Hata mama kwa mwanawe aliyerudi safari, huonja. Hata mke kwa mumewe. Anayekupa bila kuonja ana sababu yake, na sababu hiyo hutaki kuijua ukiwa umeshameza. Huyu aliniletea uji siku ile, na kesho yake, na kila siku iliyofuata, na hata siku moja ulimi wake haukugusa bakuli mbele yangu. Nikawa nasema, "Ahsante, bibie," nangoja mlango wake ufungwe, naenda kwenye mpapai.

Nikajilinda. Mtungi wangu wa maji niliuingiza chumbani, nikaufunika kwa sinia, na juu ya sinia nikaweka jiwe. Maji nilichota mwenyewe alfajiri, kabla mtu hajaigusa kamba ya kisima. Chakula nilipikia ndani, moshi ukitutoa machozi. Binti yangu alikuwa na miaka sita. Nilimkalisha chini nikamwambia, "Usile cha mtu. Usinywe cha mtu. Baba yako ameondoka. Ukiondoka na wewe, mie sina nitakachobaki nacho duniani. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

Na kweli, mtoto hakuugua. Mie nilikuwa naisha, yeye ananawiri, mashavu yamejaa. Nikajua ni kazi ya jiwe langu na sinia langu. Sitadanganya, nilijivuna. Nilipanga kwamba mwaka ukiisha mtoto yu hai, nitapika kitu, nimshukuru Mungu kwa kunipa macho ya kuona maadui.

Kuhusu hilo neno shukuru: mwaka ule niliambiwa na watu watatu, na kila mmoja nilimtilia shaka.

Wa kwanza ni mwenye nyumba, barazani siku ya matanga. "Kazi ya Mungu haina makosa, mama. Shukuru amekuachia mtoto." Alisema hivyo akitazama chini, na mtu anayetazama chini kwenye msiba usio wake ana neno.

Wa pili ni bwana afya, yule wa kaptura ya kaki aliyekuwa akipita nyumba kwa nyumba kutafuta viluwiluwi vya mbu. Aliinua sinia langu, akachungulia mtungi. "Safi. Shukuru, mama, nyumba ya pili wamepigwa faini." Kisha akapita kando ya kisima bila kukitupia hata jicho, akaenda kuketi na mwenye nyumba kunywa kahawa. Walicheka sana siku ile. Nilijiuliza wanacheka nini.

Wa tatu ni huyo jirani. "Shukuru, shoga, mtoto wako ana afya." Niliposikia vile nikamvuta binti nyuma ya kanga yangu. Mtoto wa mtu hasifiwi mwili wake. Hilo ni jicho.

Mara mbili pia aliniambia habari ya kisima. "Maji haya yachemshe, mwenzangu. Mie siku hizi nafulia tu."

"Kisima kina mwenyewe, bibie?"

"Hakina."

"Basi."

Nilifahamu, au nilidhani nimefahamu. Ameona nachota kabla yake, hajapata nafasi ya kutia kitu chake, anataka kunihamisha.

Siku zikaenda hivyo mpaka vuli. Nilikuwaga nauza mihogo ya kukaanga Buguruni, naondoka asubuhi narudi alasiri, na binti namwacha mlangoni na kiporo chake na maneno yangu yaleyale. Siku moja tumbo likanikata kabla hata mafuta hayajachemka. Nikamwachia karai mwenzangu wa biashara, nikarudi kwa miguu, nasimama kila mnazi. Nikafika nyumbani jua halijawa la utosi.

Binti yangu alikuwa ameketi kwenye mkeka wa jirani, miguu ameinyoosha kama bi harusi, bakuli ameshika kwa mikono miwili. Juu ya mdomo ana sharubu nyeupe za tui. Jirani yuko juu ya mbuzi anakuna nazi.

Sikumbuki nilivyovuka ua. Nakumbuka bakuli likipasuka.

"Toka lini?" nikamuuliza mtoto.

Akanitazama, akamtazama yule mama.

"Nakuuliza wewe! Toka lini?"

"Toka baba alipokufa."

"Kila siku?"

"Kila siku. Na maji nakunywa hapahapa. Ya chumbani yananuka."

Nilimshika taya nikataka kumtia kidole atapike, miezi minane yote atapike. Jirani akainuka, kifuu mkononi.

"Bakuli la watu hilo! Una wazimu?"

"Unamlisha nini mwanangu?"

"Uji. Kwani wewe wako unamlisha nani? Si mpapai? Unadhani sioni? Mpapai umeshiba mpaka unacheua!"

Wapangaji wakaanza kutoka vyumbani. Sikujali.

"Kwa nini huonji?" nikamwambia.

"Nionje nini?"

"Uji unaponipa! Miezi minane unaniletea, hujautia hata ncha ya ulimi. Mtu mwema gani anampa mwenzake kinywaji bila kukionja kwanza?"

Mwanamke akashusha kifuu. Akawatazama watu, akanitazama mie.

"Nikupe makombo?" akasema, taratibu sasa. "Mgeni, una msiba mbichi, mie mtoto wa mji nikunyweshe mate yangu? Mama yangu angefufuka anichape mbele za watu."

Mtu mmoja akacheka. Mie sikucheka. Nilikuwa nikitazama mikono ya binti yangu, ilivyojaa, kisha nikatazama yangu. Chumba kimoja, kitanda kimoja. Mmoja amekunywa cha mtungi wangu, mwingine amekunywa cha mkono niliouogopa. Hata aliyesoma madarasa mawili anaweza kuliona hilo.

Jirani akanishika mkono kwa nguvu, akanipeleka kisimani. "Tazama," akasema. "Choo kile."

Nilikuwa nakiona kila siku. Mwenye nyumba alikichimba kabla ya masika, maana pale kilipokuwa choo cha zamani alijenga vyumba viwili vya kupangisha. Siku ile ndipo nilipohesabu hatua. Kumi na mbili, na zote zinateremka kuja kisimani.

"Nilikwambia mara mbili," akasema.

"Uliniambia."

Nimelinda mtungi kwa sinia na jiwe, na adui namchota mwenyewe kila alfajiri kwa mikono yangu. Na mume wangu, alipokuwa akirudi bandarini na kiu yake, hakuwa akijichotea. Nilikuwa nampa mie. Kata mbili kwa mkupuo, na ya tatu anamwagia kichwani. Kwa desturi yetu nilionja kila kata kabla ya kumpa. Nilimtolea sumu kila siku, na kila siku nikampa.

Tangu siku ile nilichemsha kila tone. Majuma mawili tumbo likatulia. La tatu nikala ugali ukakaa. Kanga ikaanza kunibana.

Mwenye nyumba akaja, katikati ya Desemba, akanikuta uani nafua.

"Naona umenawiri, mama. Shukuru."

Nikainuka na povu mikononi. "Choo chako kimemuua mume wangu."

"Msiba umekupanda kichwani. Nyumba nzima wanakunywa maji haya."

"Na wewe unakunywa?"

Akatazama chini, kama siku ile ya matanga. Hapo ndipo nilipokumbuka. Kwake barazani kila asubuhi alikuwa akija mchota maji na mzegazega wake, madebe mawili ya maji ya bomba kutoka mbali, na hata siku moja sikumwona mkewe akiingiza ndoo kisimani. Wengine wanasema hakujua. Nasema alijua. Asiyejua hunywa. Bwana afya naye alijua, au alikuwa na macho ya kuona kiluwiluwi asiwe na macho ya kuona choo. Hao wawili ndio niwatajao, mbele ya Mungu na mbele ya atakayesoma. Choo hakikufukiwa. Sie wanawake tuliacha kunywa, basi.

Siku ya mwisho ya mwaka nilitaka kutimiza ahadi yangu. Ila shukrani niliyokuwa nimeipanga ilikuwa ya macho yangu makali, na macho yangu hayakuona kitu. Nikakaa jikoni najiuliza nimshukuru Mungu kwa lipi. Mtoto akapita mbio anamfukuza kuku, anahema, mzima. Nikainjika chungu.

Nilipika uji wa mtama, wa kwetu, mweusimweusi. Nikautia katika bakuli jipya nililonunua badala ya lile nililovunja. Saa nne asubuhi nikavuka ua. Hatua chache tu, na nilisimama mara mbili. Nikionja, nampa makombo. Nisipoonja, nampa kama tunavyompa adui. Hakuna mtu aliyewahi kunifundisha njia ya katikati.

"Hodi."

"Karibu. Ah! Leo mpapai umefunga?"

Nikainua bakuli, nikanywa funda moja mbele yake. Nikampa.

Akatazama ukingo wa bakuli, pale ulipogusa mdomo wangu. "Umeninywea."

"Nimekuonjea."

Akavuta ncha ya kanga akapangusa pale, vizuri, kama mtu anayepangusa sahani ya wageni. Akaligeuza bakuli upande wa pili, akanywa. Hakuacha mpaka akaona chini.

"Umekosa sukari," akasema, akanirudishia.

Kesho yake, siku ya kwanza ya mwaka, alibisha mlangoni kwangu na uji wake wa mchele. Safari hii hakuuweka kizingitini. Alisimama wima, akafumba macho kama anayekunywa mwarobaini, akapiga funda, akatikisa kichwa.

"Haya, shika makombo yako."

Nikalipokea bakuli kwa mikono miwili. Nikanywa. Ila kwanza nilimsemesha kidogo habari za mvua, na bei ya nazi, na kuku wa nyumba ya pili, mpaka nilipohakikisha kwamba haanguki.